Ukungu Naujua

Laki tano na elfu arobaini, nimezifunga kwenye leso,
leso ndani ya soksi, soksi ndani ya buti la shamba.
Ni magunia tisa ya viazi mviringo vya Umalila,
yamejazwa lumbesa, maana mnunuzi wa Mbalizi
akiona gunia lisilo na kilemba anadhani unamtania.

Nimeshuka Mwanjelwa saa tatu, baridi bado imenishika masikio.
Duka la Gwakisa lina upana wa mlango na nusu:
chaja, pasi, saa za ukutani, redio moja inayokohoa,
na juu, nyuma ya kioo, kamera saba
zimenikodolea macho yote saba.

"Hii mpya, milioni moja na laki nane,"
akasema, akaniangalia buti, akairudisha.
"Basi hii. Imetumika kidogo tu. Ilikuwa ya daktari."
Kila kitu Mwanjelwa kilikuwa cha daktari.
Sijui madaktari hao wamebaki na nini.

Binamu yangu Lusubilo, mpiga picha za harusi Tunduma,
alinipa somo kwa simu, mtandao ukikatakata:
bodi ni jembe, lenzi ndiyo mvua.
Usinunue namba iliyoandikwa mbele.
Uliza imefyatua mara ngapi. Fungua mlango wa betri,
nusa. Ndiyo, nusa. Kamera iliyolowa hunuka sarafu.
Na kabla hujatoa hata mia, mulika.

Nikamulika.
Tochi ya simu upande huu, jicho langu upande ule,
ndani ya lenzi ndefu aliyoisifia kuliko zote,
ile ya kumvuta mtu kutoka kilele cha Loleza hadi hapa mezani.
Nikaona nyuzi. Nyeupe, nyembamba, zimeanzia ukingoni,
kama mtu alianza kufuma akaitwa.

"Vumbi tu hilo, dada. Ukipuliza linatoka."

Kaka, mimi ukungu naujua.
Naujua ule unaoshuka alfajiri ukameza ng'ombe wa jirani,
kengele ikabaki inatembea peke yake.
Naujua na ule wa mwaka juzi, baada ya mvua ya siku kumi na mbili:
Jumatatu doa moja kwenye jani la kiazi, kama la mafuta,
Alhamisi shamba zima linanuka.
Tulipuliza. Tulipuliza hadi dawa ikaisha,
mama akakaa juu ya tuta, akacheka
kile kicheko cha mtu asiye na la kufanya.
Ukungu hauna udogo. Una kuanza tu.

Gwakisa akanyamaza. Akairudisha juu, akaigeuza uso ukutani.
Nadhani aliniheshimu kidogo. Au alichoka.

Tulichokubaliana ni hiki: bodi iliyochubuka kona,
mpira wa mshiko umebandikwa kwa gundi ya viatu,
na lenzi fupi, nyepesi, isiyovuta chochote.
Ukitaka mtu awe mkubwa, msogelee.
Laki nne na tisini. Betri moja.
Mkanda wa shingoni wa timu nisiyoishangilia.
Risiti ameiandika nyuma ya kalenda.

Hamsini iliyobaki: kadi, nauli, chumvi ya mama.
Kwa wauza viatu nikaomba vile vifuko vidogo
vya chembechembe zinywazo unyevu.
Mmoja akanicheka sana, kisha akanijazia kiganja.

Picha yangu ya kwanza si ya kwanza.
Hesabu inasema ni ya elfu kumi na nane, mia sita na tatu.
Wote waliotangulia siwajui, walitabasamu wakaenda zao.
Huyu namjua. Ni Tumwitike,
gauni jeupe la kipaimara, chini yake mabuti ya matope,
amegoma kucheka mpaka kwanza nimwonyeshe alivyotoka.
Nyuma yake hakuna mlima, hakuna choo cha jirani, hakuna kamba ya nguo.
Ukungu umeshuka, mweupe, wa bure,
pazia ambalo studio za mjini hulinunua.

Nikasogea hatua mbili. Nikazuia pumzi.

Elfu moja yake ameahidi Jumapili.